Anza na taa, sista: jibu kwa muuguzi anayeendesha baiskeli Rabuor hadi Kisumu

Muuguzi mmoja anayeishi Rabuor na kufanya kazi mjini Kisumu ameniuliza hivi:

“Fundi, habari za kazi. Mimi huenda kazini kwa baiskeli, kama kilomita 14 kwenda na 14 kurudi. Nikiwa zamu ya mchana natoka saa moja usiku. Simu yangu ina betri ya 5,000 mAh lakini huzimika njiani, kwa sababu naifunga kwenye usukani inionyeshe kasi na ramani. Nilinunua pawabenki ya 20,000 mAh nikijua itajaza simu mara nne, na haifiki hata mara mbili. Kakangu anasema ninunue kompyuta ya baiskeli yenye GPS. Fundi wa baiskeli anasema nifunge dainamo ichaji simu nikiendesha. Halafu nabeba laptopu kila siku kwa sababu nasomea digrii mtandaoni, na naogopa mitikisiko itaiua. Nina shilingi 12,000. Nianze na nini?”

Sista, anza na taa. Ya mbele moja, za nyuma mbili. Mengine yote uliyoyataja tutayafikia, na mengi yake utaona unayo tayari.

Barabara hiyo naijua. Ukishavuka Nyamasaria ni tambarare ya Kano tupu, lami imenyooka, na malori yanayoelekea au kutoka Busia hayaoni sababu ya kupunguza mwendo. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro dakika chache, mwaka mzima. Hapa karibu na ikweta giza haliji polepole: dakika 20 baada ya jua kuzama, ukingo wa lami huuoni tena. Ukitoka kazini saa moja, basi safari yako nzima ni ya usiku. Nimelisoma swali lako mara mbili nikitafuta neno taa na sikuliona. Ndiyo maana nimeamua kukujibu kwa urefu.

Kabla ya taa tufanye hesabu moja ndogo, kwa kuwa karibu maswali yako yote yanaingia humo. Hizo mAh zinazoandikwa kwenye maboksi hazikuambii kiasi cha stima kilichomo. Ni kama mtu akuambie amenunua magunia mawili ya mahindi bila kusema kama ni gunia la kilo 90 au la kilo 50. Ukubwa wa gunia ni volti. Chukua mAh, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa volti za betri, upate wati-saa. Wati-saa ndizo kilo zenyewe.

Simu yako ni 5 mara volti 3.85, yaani wati-saa 19 hivi. Pawabenki ya 20,000 mAh ni 20 mara 3.7, yaani wati-saa 74. Kwenye karatasi inatosha kujaza simu karibu mara nne, hukukosea. Lakini pawabenki lazima ipandishe volti 3.7 hadi 5 ili zipite kwenye waya, na simu nayo izishushe tena ili betri yake izipokee. Kila kupanda na kushuka kunageuza stima kiasi kuwa joto. Shika pawabenki yako wakati inachaji uone ilivyo vuguvugu: hiyo ni stima uliyolipia na haitafika kwenye simu. Kwa hiyo pawabenki nzima, ya haki, ya 20,000 mAh, itakujazia simu kama mara tatu. Yako kutofika mara mbili maana yake inatoa chini ya wati-saa 38 kwenye simu. Kama si nzee sana, basi maandishi yake ni ya uongo.

Unaweza kuhakikisha kazini kwako bila kununua chochote. Betri za lithiamu za aina inayowekwa kwenye pawabenki hubeba takriban wati-saa 200 hadi 250 kwa kila kilo. Kwa hiyo wati-saa 74 kwa kawaida zinahitaji betri zenye uzito wa gramu 300 hivi au zaidi. Na hapo hujahesabu kasha na saketi. Weka pawabenki yako kwenye mizani ya watoto wachanga. Ikisoma gramu 200 na kidogo, umeuziwa namba. Siku nyingine ukinunua, tafuta maandishi madogo ya nyuma yanayotaja Wh (ndizo wati-saa), halafu yale yanayotaja uwezo halisi wa kutoa kwa volti 5. Watengenezaji wa haki huandika vyote viwili, na Wh hasa kwa sababu mashirika ya ndege huruhusu hadi wati-saa 100 kwa kila betri ndani ya mzigo wa mkononi bila kuomba kibali, na mkaguzi wa uwanja wa ndege hana muda wa kuzidisha mAh kwa volti.

Sasa dainamo ya fundi wako. Hapa nitakaa kidogo, kwa maana wazo lake si baya. Limepitwa na ukubwa wa simu tu.

Dainamo ya baiskeli, ile ya chupa inayosugua ubavu wa tairi au ile inayokaa ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele, hutengenezwa kwa kipimo kimoja cha kawaida: volti 6, wati 3. Waliowahi kupanda ngware, yaani bodaboda ya baiskeli, hapa Kisumu kabla ya pikipiki kujaa wanaikumbuka ile ya chupa: fundi akiibonyeza, baiskeli inakuwa nzito, na taa inang'aa na kufifia kufuatana na miguu. Mwaka 2009 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Jeremiah Murimi na Pascal Katana, waliunda chaja ya simu inayotumia dainamo hiyo, wakatumia vipuri vilivyotupwa, wakaiuza shilingi 350. Saa moja ya kukanyaga pedali ilijaza simu. Mwaka uliofuata Nokia nao wakatoa chaja yao ya baiskeli, wakaitangazia Nairobi.

Ilifanya kazi kwa sababu simu za wakati ule zilikuwa na betri ya kama 1,000 mAh. Zidisha: wati-saa 3.7. Dainamo ya wati 3 ikizunguka saa moja inatoa wati-saa 3. Hesabu inakubali. Simu yako ya leo ni wati-saa 19, mara tano ya hiyo. Wewe kilomita 14 unazimaliza kwa dakika kama 50. Dainamo itakupa wati-saa 2.5, na kwa kuwa inatoa stima ya kugeukageuka wakati simu inataka stima ya mkondo mmoja, lazima ipitie dayodi nne na kidhibiti cha volti, ambako sehemu nyingine inapotea. Itafika wati-saa 2 kwenye simu. Hiyo ni asilimia 10 ya betri yako. Skrini ikiwa imewaka kwa mwangaza wa juu, simu inakula zaidi ya hapo kwa muda uleule. Utakanyaga dhidi ya dainamo hadi Rabuor, ufike na simu iliyo chini kuliko ulipoanza.

Anayesafiri siku nzima, kwa mfano kutoka Kisumu hadi Busia, akifunga dainamo ya kitovu atanufaika, kwa sababu saa zake za kukanyaga ni nyingi. Na kwa taa, dainamo bado ni kitu kizuri sana: wati 3 hizohizo ambazo zamani ziliwasha balbu hafifu ya manjano, leo zinawasha LED inayoangaza barabara nzima, na huhitaji kukumbuka kuchaji. Baiskeli za mitumba kutoka Japani mara nyingine huja na kitovu cha dainamo tayari, na wauzaji wengine hawajui walichonacho. Ukikutana na moja soko la Kibuye siku ya Jumapili, zungusha gurudumu la mbele kwa mkono; ukihisi linakwama na kuachia, kwama na kuachia, ni sumaku hizo. Ya chupa usiichukue kwa kazi yako. Mvua ikinyesha huteleza kwenye tairi, na mvua ndipo unapohitaji mwanga zaidi.

Tumefika kwenye taa.

Ya mbele usiinunue kwa kusoma lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) za kwenye boksi. Utaona tochi zilizoandikwa lumeni 100,000. Linganisha na balbu ya kawaida ya gari, ile ya H4: kwa mwanga wa chini hutoa lumeni 1,000 hivi. Basi tochi ya mkononi inayodai kulingana na balbu mia moja za gari inakudanganya mchana kweupe. LED nzuri hutoa lumeni kama 120 kwa kila wati. Betri moja ya silinda ya ukubwa wa 18650 (milimita 18 upana, 65 urefu) ikiwa ya haki ina wati-saa 10 hadi 13. Hesabu ileile: lumeni 400 kwa saa tatu, na betri imekwisha. Kwa barabara yako lumeni 300 hadi 400 zinatosha kabisa, na utakuwa umetumia chini ya theluthi ya betri kufika nyumbani. Anayekuahidi lumeni elfu kadhaa kwa saa kumi kutoka betri moja, mwombe akuonyeshe anapozitoa hizo wati-saa.

Kitu muhimu kuliko lumeni ni umbo la mwanga. Tochi ya kawaida hutupa duara: nusu inaanguka barabarani, nusu inapanda kwenye macho ya dereva wa matatu anayekuja. Dereva aliyepofuka hajui ukingo uko wapi, na wewe uko ukingoni. Tafuta taa ya baiskeli yenye mwanga uliokatwa juu, kama ya gari. Ujerumani sheria inalazimisha hivyo kwa taa za baiskeli, kwa hiyo zile zilizotengenezwa kwa soko la huko, hata za mitumba, ni za kuaminika. Ukiwa dukani iwashe ukiielekeza ukutani: ukiona mstari ulionyooka juu, giza juu yake na mwanga chini yake, hiyo ndiyo. Ukiifunga, inamishe hadi kitovu cha mwanga kiguse lami mita 10 hivi mbele yako.

Za nyuma nimesema mbili kwa makusudi. Moja iwake bila kukatika, nyingine imetamete. Ya kumetameta inavuta jicho la dereva kutoka mbali, lakini inampa shida kukadiria uko umbali gani. Ile isiyokatika ndiyo inayomwambia. Tena moja ikizimika hutajua, maana iko mgongoni kwako, ile ya pili inakulinda. Na hapa nakuomba ufanye jambo moja: valia koti la mvua, vaa begi la laptopu, panda baiskeli, mwambie mwenzako asimame mita 30 nyuma. Mara nyingi koti linaning'inia na kufunika taa iliyofungwa chini ya kiti. Kama inafunikwa, ihamishie kwenye keria, upande wa kulia, ambako magari yanakupita.

Ongeza utepe wa kuakisi kwenye vifundo vya miguu na nyuma ya pedali. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote na watu wanakipuuza. Jicho la binadamu linatambua mwendo wa miguu haraka sana. Nukta nyekundu peke yake inaweza kuwa chochote, lakini nukta mbili zinazopanda na kushuka kwa zamu, dereva anajua papo hapo kuwa ni mtu.

Niliwahi kulipia somo la betri. Nilinunua 18650 mbili kwenye duka fulani, zimeandikwa 9,900 mAh. Wakati huo sikujua kwamba betri ya ukubwa huo ikiwa bora kabisa mwisho wake ni kama 3,500. Jioni moja mvua imetoka kunyesha, nimevuka daraja la mto Nyando pale Ahero, taa ikazimika ghafla bila hata kufifia. Niliweka ile ya pili, ikadumu dakika kumi. Nilishuka nikasukuma baiskeli kwa miguu kando ya barabara, na kila lori lililopita lilinirushia maji na upepo, hadi nikafika kwenye vibanda vyenye stima. Nilipofika nyumbani nilizipima: gramu 28 kila moja. Ya haki huwa na gramu 45 na zaidi. Tangu siku hiyo sitoki bila taa ndogo ya akiba mfukoni, na sinunui betri nisiyoipima. Kwako ningependelea taa yenye betri yake ya ndani inayochajiwa kwa waya uleule wa simu yako, ili ubebe waya mmoja, na uichaji kazini ukiwa zamu.

Simu sasa. Unaiweka kwenye usukani ikuonyeshe njia, lakini njia hiyo unaipita kila siku. Ramani huihitaji. Kinachokula betri yako ni skrini iliyowaka kwa dakika 50, na mahali ambapo mtandao ni dhaifu simu huongeza nguvu ya redio yake ili isikike kwenye mnara. GPS yenyewe ni mpokeaji tu. Inasikiliza setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu yetu, haitumi chochote huko, na haihitaji bando. Bando husaidia simu ijue haraka setilaiti ziko wapi na kupakua picha ya ramani. Ukitaka kumbukumbu ya safari zako, washa programu ya kurekodi, zima skrini, tia simu ndani ya begi. Kwa simu yangu saa nzima ya kurekodi hivyo inakula asilimia 4 au 5. Siku ukienda njia ngeni, tuseme unapanda Nyabondo, pakua kabla ya kutoka ramani ya Kenya kwenye programu ya OsmAnd au Organic Maps. Zote mbili zinatumia data ya OpenStreetMap na zinafanya kazi bila intaneti.

Kuna sababu nyingine ya kuitoa usukanini. Jua la saa nane likiipiga simu inayochaji, betri inapata joto kutoka nje na kutoka ndani kwa pamoja, na joto ndilo linalozeesha lithiamu kuliko kitu kingine. Apple, kwa mfano, husema simu zao ni za kutumika kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35, na simu iliyo juani kwenye usukani inapita hapo kwa urahisi. Kampuni hiyohiyo ilionya mwaka 2021 kwamba mitikisiko ya pikipiki zenye injini kubwa inaweza kuharibu kamera zenye kiimarishi cha picha. Baiskeli haitikisi hivyo, lakini kama unapitia murram kila siku, mfuko wa begi ni mahali pazuri zaidi.

Na kwa hali yako, usiku, peke yako, simu ina kazi kubwa kuliko kuonyesha kasi. Kabla ya kutoka hospitalini fungua WhatsApp, mtumie kakako mahali ulipo kwa muda halisi. Kuna chaguo la dakika 15, saa 1 na saa 8. Chagua saa 1, inatosha hadi Rabuor. Atakuona ukisogea kwenye ramani. Ukisimama mahali kwa muda mrefu atapiga, na simu itakuwa na chaji ya kupokea. Ningetaka utoke kazini ikiwa na asilimia 50 au zaidi, na pawabenki yako, hata hiyo ya uongo, ikae kwenye begi kwa dharura. Wati-saa 30 na kitu bado zinafufua simu iliyokufa mara moja na nusu.

Ndiyo maana kompyuta ya baiskeli yenye GPS siikubali kwa sasa. Mwambie kakako namheshimu, na kifaa chenyewe ni kizuri: kioo kinasomeka juani bila kuwaka, betri inadumu saa 15 na zaidi, mvua haikisumbui, kinaunganishwa na mkanda wa kupima mapigo ya moyo. Anayefanya mazoezi ya kupanda milima ya Nandi na kutaka kulinganisha wiki hii na iliyopita, anunue. Kwako kingekula pesa za taa na bado ungeendesha gizani.

Kama unachotaka ni kujua kasi na umbali, kuna kile kidogo cha sumaku. Sumaku inafungwa kwenye spoki, kihisi kwenye uma wa mbele, na kila gurudumu likizunguka mara moja kinahesabu. Kinatumia betri ya kidonge ya CR2032, ile ya milimita 20, na inaweza kudumu mwaka au zaidi. Lakini lazima ukiambie mzingo wa gurudumu lako, na wengi huacha namba iliyokuja nayo. Fanya hivi: jaza upepo tairi, chora alama ya chaki kwenye lami pale vali inapoelekea chini, kaa juu ya baiskeli huku mtu akikusukuma taratibu hadi vali irudi chini tena, chora alama ya pili, pima katikati kwa milimita. Ni muhimu uwe umekaa, kwa sababu uzito wako unabonyeza tairi na mzingo unapungua. Gurudumu la inchi 26 lenye tairi nene hutoa kama 2,060. Kifaa kikibaki na 2,180 ya gurudumu kubwa, safari yako ya kilomita 14 kitaisoma karibu 14.8, na kasi yako kitakuwa kinaisifu kila siku.

Laptopu isikuogopeshe sana. Jua kwanza ina diski ya aina gani. Ikiwa ni SSD, ndani yake hakuna kinachozunguka, na mitikisiko ya baiskeli haiifanyi kitu. Ikiwa ni ile ya zamani inayozunguka, mara nyingi mara 5,400 kwa dakika, kichwa chake kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache tu. Hapo hatari ni kuitikisa ikiwa inazunguka. Izime kabisa kabla ya kuitia begini. Kuifunga tu haitoshi, kwa sababu laptopu nyingi za siku hizi huamka zenyewe zikiwa zimefungwa, zikatafuta masasisho, na ndani ya begi hakuna hewa. Utaikuta kama pasi. Toa pia kipokezi cha mausi kwenye mlango wa USB. Begi likigonga kitu, mlango ndio unaovunjika.

Ibebe mgongoni, usiifunge kwenye keria. Mgongo na magoti yako vinameza matuta, keria inayapitisha yote. Kama mgongo unakuuma na lazima ikae nyuma, weka kipande cha godoro chini yake na uisimamishe wima. Kwa mvua, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, lakini shuka la polithini nzito lauzwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kata mita moja, ikunje kama bahasha, mdomo uelekee chini. Begi lililoandikwa halipitishi maji, tafuta limepewa kipimo gani: IPX4 ni matone ya kurushwa, IPX7 ni kuzama mita moja kwa nusu saa. Mvua yetu ya jioni inahitaji zaidi ya matone. Simu au laptopu ikilowa, usiichaji hadi ikauke, na usiizike kwenye mchele, unaacha vumbi la wanga kwenye matundu. Ielekeze tundu chini, mbele ya feni. Kazi zako za digrii ziwe na nakala kwenye flashi inayobaki nyumbani, maana laptopu inaweza kuanguka au kuibwa hata kama diski yake ni imara.

Zile 12,000 basi: nusu iende kwenye taa ya mbele, usibane hapo. Robo kwenye mbili za nyuma na utepe wa kuakisi. Robo iliyobaki inatosha kile kifaa cha sumaku na kipima-USB kidogo, kile kinachochomekwa katikati ya pawabenki na simu kikaonyesha volti, ampea na wati-saa zilizopita. Nacho utaacha kubishana na maboksi. Pawabenki mpya ingoje mwezi ujao.

Ukishaipima hiyo ya sasa kwenye mizani ya watoto, niandikie gramu zake.